Maharagi Meusi Niliyosahau Kutupa

Masika, mujukuu wangu,

Nakusalimia kutoka hapa Kipese. Sisi tuko, Mungu anasaidia. Mama yako mudogo amezaa binti, na goti langu lingali linanisumbua nikipanda kilima.

Unaniandikia kuwa mwalimu wenu wa biolojia huko Beni anafundisha kwamba viumbe vinabadilika kizazi kwa kizazi, na unaniuliza kama nasadiki. Biolojia sikusoma, lakini nililima.

Nilipoolewa, mama mukwe alinipa mbegu ya maharagi ya kila rangi, imechanganyika, vile bamama ba huku wanapanda. Mimi nikaona ni uchafu. Nikachambua siku nzima, nikapanda mekundu makubwa tu, yale yanapendwa ku soko ya Kanyabayonga. Meusi madogo nikayatupa ku chungu, nikayapika.

Musimu ule mvua ilikataa kuacha. Shamba lote likaoza, isipokuwa mashina machache ya yale meusi yaliyoniponyoka kwenye vidole. Mvua haikuyafundisha kuvumilia. Yalikuwa vile tangu mbele, na mimi nilikuwa nayadharau.

Nikaenda kwa mama mukwe, uso chini. Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Donc, basi wewe ulijua mvua itakayokuja?"

Nikapanda yale machache yaliyopona. Musimu uliofuata mavuno yangu yalikuwa maharagi meusi karibu yote, na mama mukwe akanirudishia mbegu ya rangi zingine nichanganye tena.

Katika kifuko cha maharagi ya kila rangi ninachokutumia utaona meusi madogo. Usiyachambue. Ni bajukuu ba yale niliyosahau kutupa.

Mukaka wako, nyanya yako wa Kipese