Aliyewaelekeza Kwangu

Mjukuu wangu Salma,

Huku Gitega tu wazima, na dada yako amejifungua salama. Umeniuliza utajuaje nani anawaelekeza kwako madalali wa nyumba unaowaandikia matangazo, na kwa nini mwandishi mwenzako Neema anao wengi kuliko wewe.

Nilipoanza ushonaji, nilimwonea wivu Zaina, fundi wa ng'ambo ya barabara. Akicheka na mteja, mimi najichoma sindano. Basi nikawa namwuliza kila aliyeingia kwangu, "Nani kakuelekeza?"

Wengi walijibu, "Zaina. Anasema kwa kanzu hakuna anayekushinda."

Wivu haukuisha, mama. Ulizidi, maana hata kwa moyo alinishinda.

Waulize wako. Usishangae wakimtaja Neema.

Bibi yako anayekuombea,
Mwajuma