Sebule Imependeza, Baba Mkwe Hatoki Chumbani

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijachanganyikiwa kabisa, na samahani kwa mwandiko, nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo maana nusu ya viti viko uani na nusu nyingine sijui nivipange kwa amri ya nani. Ni hivi. Baba mkwe alianguka akiwa peke yake kwake, akalala sakafuni mpaka jirani alipomsikia, ndipo tukamleta tuishi naye hapa, na mimi nikasema mzee wa watu hawezi kuketi kwenye sebule yenye rangi ya chai iliyopoa, nikamwita mpambaji, rafiki wa wifi yangu, tunamwita Mama Mapazia, kumbe mume wangu naye kimyakimya keshaongea na msanifu wa ndani, ambaye wifi amembatiza Bwana Futi kwa kuwa hata akikusalimia mkono mmoja uko kwenye futi yake ya kupimia, na wote wawili wakakutana mlangoni kwangu asubuhi moja kama wake wenza.

Mama Mapazia akawahi kuanza. Kabati la vyombo lililokuwa kando ya mlango wa chumba cha Baba akalipeleka ukuta wa mbali, sofa akazisukumia pembeni, katikati akatandika vizulia vya manyoya, na kusema kweli pamependeza, pamekuwa peupe, tena nimepumzika kufuta kabati na mgongo wa sofa maana zamani kila nikigeuka vimejaa alama za viganja vya Baba, nafuta asubuhi, jioni zimerudi. Bwana Futi alipoingia akatikisa kichwa, akasema pazia halitibu nyumba, anataka kupanua mlango, kuhamisha taa na kubomoa ukuta wa korido, Mama Mapazia akamjibu kwamba wapo watu wakikosa jicho la rangi hukimbilia nyundo. Nikawauliza tofauti yao hasa ni nini, na kila mmoja akanieleza kwamba tofauti ni kuwa mwenzake hajui kazi.

Kibaya zaidi, tangu sebule ipendeze Baba hatoki. Chakula anataka chumbani, redio anasikilizia kitandani, ukimwita anasema ameshiba, ukimwita tena anasema ana usingizi. Mume wangu anadai nimemuudhi kwa kuhamisha kabati alilozoea, mimi nasema mzee anaogopa nyundo ya Bwana Futi, na tumenuniana. Jana nilipompelekea chai akanishika mkono, akasema, "Nyumba yenu imekuwa nzuri, mwanangu. Acheni mimi nirudi kwangu."

Mshauri, akirudi kule ataanguka tena, na safari hii huenda jirani asisikie. Nimchague nani, mpambaji au msanifu, ili mzee abaki?

Niliyekalia Ndoo

*

Dada wa kwenye ndoo, pole. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikaweka kikombe chini.

Tofauti uliyoiuliza ni nyepesi kuliko wanavyokutisha. Siku ukihama, vitu utakavyopakia kwenye lori ni vya mpambaji, na utakavyoviacha, yaani kuta, milango, taa na njia za kupita, ni vya msanifu. Rangi ya ukuta wanagombania, waache wagombanie.

Lakini wewe na mumeo mmeita mafundi wawili kwa nyumba ambayo hamjaitazama. Umeandika mwenyewe, tena kwa kulalamika, kwamba kabati na sofa vilikuwa vimejaa viganja vya mzee. Hukujiuliza mtu mzima anapapasa kabati la vyombo kutwa nzima kwa raha gani? Alikuwa anatembea, dada. Akitoka chumbani anashika kabati, akiliachia anadaka mgongo wa sofa, na sofa inamfikisha kwenye kiti chake. Hakuwaambia, kwa sababu hakuna baba mkwe anayependa kumtangazia mkamwana wake kwamba miguu imemkana. Sasa mmemwekea uwanja wa mpira, mkatandika na vitu vya kuteleza, halafu mnamwita aje mezani mikono mitupu. Hajaudhika, wala haogopi nyundo. Anaogopa sakafu, maana wanajuana.

Na mumeo asijichekee pembeni. Aliyeita msanifu kwa siri bila kumwambia mkewe hana pa kusimama kumsema mtu kuhusu kabati.

Leo hii, si kesho, rudisha kabati lilipokuwa, na sofa pia. Vizulia vikunje uvifungie. Baba usimweleze sababu. Mwambie tu vikombe vilikuwa mbali na jiko. Kisha mwite Bwana Futi, mumeo akiwepo, na futi ibaki mfukoni. Anywe chai, amwangalie mzee anavyotoka kitandani mpaka kitini. Akishaona, ndipo aseme bomba la kushikia lipite wapi ukutani, mlango upanuke kiasi gani, taa imulike wapi. Ukuta wa korido asiuguse mpaka akueleze unamzuia nani. Mama Mapazia mwombe asubiri, zamu yake inakuja, na rangi atachagua Baba mwenyewe, hata akichagua ile ya chai iliyopoa.

Kwa hiyo ni msanifu kwanza, mpambaji baadaye, na kabla yao wote ni wewe na mumeo kubeba kabati. Siku ukiona viganja vimerudi kwenye kabati, ujue mzee haendi popote. Kitambaa cha kufutia kipe likizo.