Mkaguzi Wetu, na Jina Ambalo Mama Hakulitaka

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu asubuhi ile ulipoanguka kwenye korido ukiwa umenyoa shavu moja. Ulikuwa umestaafu miezi saba tu. Mama alikusubiri miaka ishirini na minane umalize kuwachunga walimwengu na moto wao, urudi uwe wake, naye akaambulia miezi saba. Hasira yake haijapoa. Sisi watoto ndio tunaoandika, lakini yeye kakaa hapa pembeni na kalamu mkononi, na kila mstari anaupitia.

Tunakumbuka upole wako. Hukuwahi kumpandishia mtu sauti, hata yule fundi bomba aliyetufurikishia jiko. Ukifunga mlango, ulikitikisa kitasa mara mbili. Ukinunua mayai, ulihesabu, ukahesabu tena, huku ukimwomba muuzaji radhi kwa kuhesabu. Watoto wa jirani walikubandika jina la Mzee Hesabu, nawe ukaitika.

Kazi yako tuliijua kwa mbali. Ulikuwa mkaguzi wa nyuklia. Shirika la kimataifa lilikutuma kwenye vinu na maghala ya nchi za watu, uhakikishe kwamba urani waliyosema ni ya kufua umeme haijachepushwa kwenda kuundiwa bomu. Ulipima mapipa. Ulikagua lakiri, vile vidude vya shaba vyenye namba vinavyofungwa kwenye milango na mifuniko. Ulituambia kwamba lakiri haimzuii mtu kuingia hata kidogo, kazi yake ni kuonyesha kwamba ameingia. Lakini ulikokwenda na ulichokiona hukusema, kwa kuwa ulikula kiapo, na kiapo chako hakikuwa cha mdomoni. Mama akikuuliza safari ilikuwaje, ulimjibu kwamba chakula kilikuwa na chumvi nyingi.

Ulichoruhusiwa kusimulia ni historia tu, maana hiyo imo vitabuni. Basi mezani tulilishwa historia. Tukajua jinsi miji miwili ilivyoteketea, na mataifa makubwa yakaanza kuogopa kitu yalichokiunda yenyewe. Tukajua shirika lilivyozaliwa, na mkataba ulivyotiwa sahihi, wasio na mabomu wakiahidi kutoyatafuta, na wenye nayo wakiahidi kujadiliana namna ya kuyaacha. Ukifika hapo ulikohoa kidogo, ukaomba maji.

Sehemu uliyoipenda zaidi ni ile ya makosa ya zamani. Ulisema zamani nchi ilitoa orodha ya majengo yake, mkaguzi akaenda kwenye majengo hayo hayo, akakuta mambo sawa, akaaga. Mpaka ikaja kugundulika kwamba nchi moja iliyokuwa ikionekana safi ilikuwa na shughuli nyingine kabisa, ambazo hazikutajwa popote. Ndipo kanuni zikakazwa, na wakaguzi wakaanza kutafuta kile ambacho mwenye nyumba hakukisema. Mama alilisikiliza somo hilo kwa makini kuliko sisi wote.

Alikuwa na sababu. Kwenye kazi yenu mliingia wawili, kila mmoja awe shahidi wa mwenzake, na mwenzako kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mwanamke. Mkemia, mrefu, mchache wa maneno. Humu ndani hakuwahi kuwa na jina zaidi ya Yule. Yule anajua mume wa mwenzie amelala wapi. Yule anajua amekula nini. Yule amekula kiapo kile kile, kwa hiyo siri wanazo wawili na mke anabaki na habari za chumvi. Mama alikuwa akisema afadhali angeletewa mke mwenza, huyo angalau wangeishi pamoja na kugombana uso kwa uso.

Wivu ukamfanya naye awe mkaguzi. Unakumbuka unywele? Ulikuwa na droo yako kule sebuleni, na Mama akabandika unywele wake kati ya droo na meza, ajue unaifungua lini. Wewe ukarudi, ukauona, maana hiyo ndiyo kazi iliyokulisha. Mume mwingine angeurudisha unywele na kunyamaza. Wewe uliurudisha, ukaandika kikaratasi: droo imefunguliwa saa nne na robo, imetolewa betri moja, unywele umebandikwa upya. Ukatia sahihi. Chini yake, kwa mazoea ya miaka yote, ukachora mstari wa sahihi ya mkaguzi wa pili.

Ulidhani atacheka. Mama alitaka kujua mstari ule ni wa nani, na wiki nzima ulikula chakula kilichopoa.

Siku ya kukuzika, Yule alikuja akasimama nyuma kabisa, akalia bila sauti. Mama alimwona. Alimnong'oneza shangazi kwamba kuna watu wanalia kuliko wanavyostahili. Na mwezi uliopita Yule alituandikia barua fupi ya heshima, akiomba jina lake liwemo kwenye kumbukumbu hii, pamoja na wanaokukumbuka. Mama alijibu kwa neno moja, thubutu. Siku tatu baadaye akabadilisha kauli. Alisema aje kwanza, amwone.

Akaja Jumamosi mchana. Mama alimkalisha kwenye kiti cha wageni, akamimina chai, halafu akamuuliza bila kuzunguka mlikuwa mkifanya nini huko.

Yule alisema kuhusu mahali hawezi kusema, hata leo. Kuhusu wewe anaweza. Akasimulia vile vitambaa vyeupe vya pamba mlivyofutia meza, mabomba na vizingiti, ili vumbi lisiloonekana likapimwe maabara na kusema ni kitu gani kimepita pale. Mmoja anafuta, mwingine anashika mfuko. Anayefuta haruhusiwi kugusa kitu kingine chochote, hata uso wake mwenyewe. Na wewe, Baba, ulikuwa mtu wa jasho. Miwani ilikuteleza mpaka kwenye ncha ya pua, na mikono yako haikuwa huru. Basi alikupandishia yeye. Kila akikupandishia ilibidi avue glavu, azitupe, avae nyingine.

Mama aliweka kikombe chini.

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu, dada."

"Wewe? Maisha yako yote kazi ni kuhesabu, hili ndilo hukuhesabu?"

Yule alitazama mikono yake. Sisi tuliokuwa mlangoni tukijifanya tunapanga viatu tukaacha kupanga.

"Mia tatu na kumi na moja," alisema. "Yeye hakujua. Hakuwahi kunipa kitu zaidi ya asante. Kila siku saa moja jioni alikupigia simu wewe, mimi nikala peke yangu. Nimekuonea wivu, dada, mpaka nikachoka."

Mama hakumfukuza. Hakumkumbatia pia, tusidanganyane. Tulimwona usoni akikasirika na kupata nafuu kwa wakati mmoja. Miaka yote alihisi kuna kitu, kumbe hakukosea. Miaka yote alikushuku wewe, kumbe alikukosea. Tunakuomba radhi kwa niaba yake, kwa sababu yeye bado hajawa tayari kuomba. Akammiminia kikombe cha pili, akauliza kama ulikuwa ukiogopa huko ndani. Yule akasema ndani hukuogopa kitu, ulichoogopa ni lifti tu, na ukipanda ulifumba macho. Miaka thelathini na sita ya ndoa, Mama hilo alikuwa halijui. Likamuuma kuliko zile mia tatu.

Mgeni alipoondoka tukauliza, basi jina lake tufanyeje.

"Mwandikeni," Mama alisema. "Amekiri mwenyewe, sikumlazimisha. Lakini msimtupe kule mwisho na majirani. Mwekeni hapo chini yangu, niwe namwona."

Unakumbukwa na mkeo. Na mkaguzi mwenzako. Na wanao watatu, mwalimu, nesi na fundi umeme. Na wakwe zako, ambao uliwakagua kwa upole. Na wajukuu zako wanne, mdogo kabisa akiwa amezaliwa baada yako. Na dada yako, shangazi yetu. Na majirani wote, pamoja na muuza mayai.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, sisi sote. Mama anasema tuongeze: yeye zaidi.