Kidole cha Pete

Jumanne, 5 Agosti 2003

Kliniki ya walevi tena. Miriam kanisindikiza mpaka mlangoni, tumbo mbele, nisije nikaishia kilabuni. Leo alikuwepo kijana wa chuo, Sila, na mashine ya fotokopi. Tukaweka viganja juu ya kioo, mmoja mmoja. Eti mwenye kidole cha pete kirefu kuliko cha shahada huenda akaelemewa zaidi na pombe. Mambo huanzia tumboni mwa mama. Bado wanachunguza, alisisitiza, na wengi wasiogusa pombe wana vidole vya hivyo hivyo. Hapo sikumsikiliza sana. Changu kirefu — kirefu mno! Nikaomba nakala.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwonyesha Miriam ile karatasi. Si mimi, nikamwambia, nimezaliwa hivi. Akaitazama, akarudi kuchambua mchele. Kumbe kidole ndicho kilichouza baiskeli, akasema. Nikilewa tena mtoto akishazaliwa, yeye Miriam anarudi kwao Mtera, basi.

Nimekasirika! Tangu shirika litupunguze kazini najiona takataka. Leo nimepata kanafuu kadogo, naye ananinyang'anya. Naenda kilabuni kwa Fredy. Safari hii nakunywa bila aibu.

Jumapili, 10 Agosti

Msichana. Lea.

Nilisubiri watu watoke. Nikafungua kile kingumi, kidole kimoja kimoja. Nikapima kwa njiti ya kiberiti. Cha pete kirefu. Nikarudia. Kirefu. Mama mkwe, aliyekuja kumhudumia Miriam, akaingia, akauliza natafuta nini. Nahesabu vidole, mama, nikamdanganya.

Karatasi nimeichana. Sila mwongo. Lazima awe mwongo!

Jumamosi, 16 Agosti

Kitovu kimedondoka, leo mtoto anatolewa nje. Mama mkwe kapika pombe ya mtama, mtungi mzima. Katika ukoo wao baba huonja kwanza, kampakata mtoto, ndipo wazee wanywe. Kukataa ni kusema mtoto si wako. Na mama mkwe hajui lolote juu yangu — Miriam kanifichia aibu miaka yote.

Niko chumbani na Lea, naandika kwa mkono mmoja. Harufu inapita chini ya mlango. Mate yananijaa. Naogopa. Nikionja, sitaishia kuonja, najijua.

Mama mkwe anaita uani: Baba Lea, wazee wanakusubiri!

Miriam kaingia, kaegemea mlango. Nimemwuliza nifanye nini. Amesema naye alivipima vidole vya Lea, usiku ule ule aliojifungua. Halafu: na huyu akikua, tutamwambia ni kidole?



Ametoka. Nasikia anawaambia wazee kwamba nakuja. Lea kaking'ang'ania kidole changu, hicho hicho cha pete, hataki kukiachia. Mama mkwe anagonga mlango sasa, kata ya pombe mkononi bila shaka. Nimeitika. Bado sijainuka —