Picha ya Mnyama Mwenye Mfuko

Ijumaa, Jeddah, mtaa wa Al-Mahjar. Asubuhi mawingu mepesi, mchana jua la kuvumilika, upepo wa bahari unaonata kwenye ngozi. Afya nzuri. Hamu ya kula hakuna, lakini nimekula.

Hali ya moyo: sina cha kuandika.

Tangu kidato cha pili naandika shajara kwa mpangilio huu, hali ya hewa kwanza, kisha afya, kisha moyo, kisha yaliyotokea. Mstari wa moyo haujawahi kunishinda hadi majuma haya. Kwa hiyo niyaandike yaliyotokea, labda moyo utafuata.

Wachache mnaosoma blogu hii mnajua kwamba naishi Riyadh, nalea watoto wawili wa familia moja: Rakan wa miaka tisa na Layan wa mitano. Shule zimefungwa katikati ya mwaka, basi madam ametuleta Jeddah kwa mama yake. Baba amebaki Riyadh. Bei ya mafuta ikiwa juu namna hii, kazi za ujenzi hazimpi nafasi hata ya kunyoa ndevu. Ametuendesha dereva wetu Wafula, Mkenya wa Bungoma, siku nzima ya jangwa na mzaha.

Mama yake madam tunamwita Bi Salma. Alizaliwa Unguja, wazazi wake wakamleta huku akiwa msichana baada ya mapinduzi. Mkwewe ana uwezo wa kumjengea kasri, yeye hataki kuhama Al-Mahjar. Kiswahili chake ni cha mjini Unguja hasa. Mwanawe anakielewa kidogo tu.

Jambo ambalo sijaliandika popote, hata hapa, ni hili. Mume wangu amefariki.

Shaibu alikuwa fundi cherehani Ngamiani, Tanga. Shemeji alinipigia simu nikiwa jikoni Riyadh namenya viazi. Homa kwanza, kisha presha, na kabla ya alasiri walikuwa wameshamzika. Nilisema inna lillahi. Nilisema nimesikia. Kisha nikamalizia viazi, nikavikaanga, watoto wakala.

Sikumwambia mtu. Pasi yangu iko kabatini kwa kafili, mwajiri aliyenidhamini. Nilifikiri, nikisema, watanirudisha nyumbani. Au hawatanirudisha. Yote mawili sikuwa na nguvu nayo.

Jioni ile mama yangu alipiga akanikumbusha kama anavyomkumbusha mtoto wa chuoni: usitie wanja, usipake hina, usijitie manukato, usilale nje ya nyumba yako. Kwa wasio Waislamu mnaosoma hapa, hiyo ni eda. Mke aliyefiwa hutulia nyumbani kwa muda uliowekwa, miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, hadi muda huo utimie. Wangu haujafika hata nusu.

Nimefuata nilichoweza kukifuata bila kueleza. Wanja nimeacha, mafuta ya kunukia nimeacha. Nguo haikunisaliti, maana huku wanawake wote tunatoka na nyeusi. Lakini kutulia ndani sikuweza. Nimesafiri jangwa zima na nimelala katika nyumba isiyo yangu, nikiwa mjane, ili watoto wakaone kangaruu.

Ndiyo. Kangaruu.

Tajiri mmoja amefungua bustani ya wanyama nje ya mji, na sehemu moja ameifanya Australia. Wanyama wameletwa kwa ndege. Watoto wamekuwa wakiimba habari hiyo tangu kabla ya msiba, na Shaibu alipata kuisikia. Nilimsimulia kwenye simu kwamba kuna mnyama ana mfuko tumboni, anabebea mtoto humo. Alicheka hadi akakohoa.

"Ukifika, angalia mshono wa huo mfuko," alisema. "Uniambie wameushona kwa ndani au kwa nje. Na picha unipigie."

Nilimwahidi. Nilimwambia nitaisafisha sokoni Batha, Riyadh, nimpe mtu anayerudi Tanga ampelekee.

Leo asubuhi, kabla hatujaondoka, Bi Salma alitoa chetezo. Ndiyo ada ya nyumba yake: mwanamke hatoki mlangoni pake kabla nguo hazijafukizwa udi. Akamfukiza madam, akamfukiza Layan, ambaye alipiga chafya na kudai arudiwe. Kisha akanigeukia mimi.

Nilirudi nyuma hatua moja. Nikasema kichwa kinaniuma.

Aliniangalia usoni. Akatazama macho yangu yasiyo na wanja, akashuka hadi kwenye viganja vyangu, ambavyo kila likizo huvitia hina yeye mwenyewe, na safari hii nilikataa tangu siku ya kwanza. Akafunika chetezo.

Bustani ni safi na ina kelele. Ndege weupe wenye vishungi wanapiga mayowe kama wanagombea foleni. Kuna ndege mwingine anayecheka, kicheko hasa cha mtu mzima aliyesikia umbea, na Rakan alimjibu mpaka koo likamkauka. Tuliingia ndani ya uzio wa kangaruu wenyewe, kila mmoja na kikombe cha chakula. Walikuwa wamejilaza kwa ubavu kivulini kama wazee wa barazani.

"Mama Zuhura, hii si mnyama," Wafula aliniambia. "Hii ni panya ya kwetu imeenda jimu."

"Nyamaza, atakusikia."

"Anasikia Kiswahili? Huyo hata ikama ya kuishi huku hana."

Layan aliogopa, akajificha ndani ya abaya yangu, kisha akaogopa kukosa, akatoka. Tukanyoosha mkono pamoja, wake juu ya wangu. Kangaruu jike alikuja polepole, akanishika kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili, akala kiganjani mwangu. Ana makucha marefu. Hakunikwaruza. Alinishikilia tu hadi chakula kikaisha, na kilipoisha aliendelea kunishika kidogo.

Nilijua kwamba hapo mtu angehisi kitu. Nilisubiri.

Mfuko wake ulikuwa mzito, na mguu mmoja wa mtoto umechomoza nje, mrefu kama fimbo. Nilitoa simu nikapiga picha. Wafula akachungulia begani kwangu.

"Mzee wa Tanga akiona hii atasema bibi yangu yuko holidei, mimi niko na cherehani."

Nikasema, "Eeh, atasema hivyo."

Nilisema vizuri kabisa. Simlaumu Wafula, maana hajui.

Mwisho tulifika kwa emu. Ni ndege mkubwa kama mbuni aliyevaa blanketi chakavu. Mmoja alikuwa amekaa chini kwenye majani, shingo ameilaza, hatikisiki. Rakan alidhani ni mgonjwa. Mtunzaji, Msudani mpole, alitueleza kwa Kiarabu kwamba yuko juu ya mayai, na wiki zote za kuyaatamia hali, na maji anakunywa kwa nadra.

"Masikini mama yao," madam alisema.

"Huyu ni baba," alisema mtunzaji. "Mama akishataga huenda zake. Baba ndiye anayebaki."

Wafula aliangua kicheko. "Huyo wakimleta Bungoma atafukuzwa kwenye kikao cha wanaume!"

Madam alicheka, watoto wakacheka kwa sababu madam amecheka. Mimi nilibaki kwenye uzio. Zuhura wangu alikuwa na miaka mitatu nilipoondoka. Shaibu ndiye aliyejifunza kumsuka nywele, vibaya mwanzoni, hadi majirani wakamhurumia wakamfundisha. Alimshonea sare zote za shule. Usiku Zuhura alipougua degedege alimbeba mgongoni mpaka hospitali, mimi nikapata habari ameshapona. Sasa yuko kwa mama yangu.

Emu alifumbua jicho moja akanitazama, akalifumba.

Layan alinivuta mkono, tukaenda kununua aiskrimu.

Tuliporudi Al-Mahjar, madam aliingia kuoga. Bi Salma aliniita jikoni, akafunga mlango, akaniketisha kwenye kigoda kama mgeni. Yeye akabaki amesimama.

"Nani kakuondokea, mwanangu?"

Nilisema kichwa tu, Bi Salma.

"Kichwa hakikatazi hina. Mimi nimekaa eda nyumba hii hii, usinifundishe. Ni mumeo?"

Niliitikia kwa kichwa. Kwa kinywa sikuweza. Yeye ndiye mtu wa kwanza katika nchi hii kujua.

"Na mwanangu amekuburura huku kuja kutazama wanyama?"

"Hajui, Bi. Sikumwambia."

Hapo akakaa chini. Hakunikumbatia, na nilishukuru. Alinishika kifundo cha mkono, pale pale alipokamata yule mnyama, akanisomea Fatiha kwa sauti ndogo. Kisha akanyanyuka akaenda kumgongea mwanawe bafuni.

Walisemezana sebuleni kwa Kiarabu, nami nasikia kila neno. Madam aliuliza watoto atawaangalia nani, na kesho ndiyo safari. Bi Salma akamjibu, "Alipokufa baba yako nilikaa ndani humu, nawe ulikuwa mdogo kuliko Layan. Ulilala na njaa? Ulikwenda uchi? Halas."

Madam alikuja jikoni nywele zinachuruzika maji. Si mtu mbaya, niandike hilo. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilimwambia viazi vilikuwa motoni. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Kisha akasema ukweli wake, na nauheshimu. Hatanilazimisha. Kesho baada ya chai wanaondoka. Nikitaka, naingia garini, turudi Riyadh, nifanye kazi ndani bila kutolewa nje tena. Nikitaka, nabaki kwa mama yake, nikae hadi muda utimie. Ila yeye hawezi kukaa na watoto wawili bila mtu. Itabidi achukue mwingine, na akishamchukua, hawezi kuniahidi kwamba nafasi yangu itanisubiri.

Nimewalaza watoto. Layan alitaka nimsimulie habari ya mguu uliochomoza mfukoni. Nikamsimulia mara mbili. Akauliza kama yule mtoto hujisikia vibaya mama anaporuka. Nilimwambia amezoea. Akaridhika, akalala ameshika kidole changu.

Atazoea mkono mwingine. Watoto huzoea haraka, ndivyo walivyoumbwa. Zuhura alizoea.

Nimejaribu kupima mambo kama nilivyofundishwa, faida huku, hasara kule. Hayapimiki. Riyadh kuna Layan, na kazi ninayoijua kwa kufumba macho. Hapa kuna chumba kidogo cha nyuma, dirisha linalotazama ukuta, na mwanamke mzee atakayenipikia uji na kuniacha nikae kimya bila kuniuliza kichwa kinaendeleaje.

Bado sijalia. Nilidhani nikishasema kitafunguka kitu, lakini hapana. Labda chozi nalo linahitaji mtu atulie mahali pamoja.

Miaka yote hii Shaibu amekaa. Mimi nimekwenda. Hatukuwahi kugombana juu ya hilo, tulikubaliana. Lakini aliyekaa ni yeye.

Sasa ni zamu yangu. Kesho baada ya chai nitapanga nguo za watoto garini, nitamwonyesha madam dawa ya kikohozi ya Layan iko mfuko gani, na nitarudi ndani. Wafula ataniuliza, nami nitamwambia kwa kinywa changu.

Ile picha nimeifungua tena. Mwanga ni mzuri, imetoka safi. Nimeikuza hadi mfuko umejaa kioo chote cha simu. Ukingo wake umejikunja kama pindo la kanzu yako ya Idi, ile uliyojishonea mwenyewe.

Nimeangalia ndani, Shaibu, na nimeangalia nje. Hauna mshono.