Kigoda cha Nabwile

Kitale, 4 Machi 2024

Kwa Baba mpendwa,

Natumaini mgongo umekupa usingizi na ng'ombe hawajambo. Mimi ni mzima. Kazi ya ukarani hapa ghalani inaendelea. Kwa kuwa simu masikio yako hayaipati vizuri, nampa Nyongesa wa lori la mahindi barua hii.

Majibu ya kipimo cha uboho yametoka. Daktari anataka urudi wiki hii, tukae naye wote wawili. Ni ugonjwa wa damu, nitakueleza ukifika. Nimeyasoma hadi meneja akaniuliza kama nimefiwa. Tafadhali usichelewe.

Binti yako,
Peris

Tongaren, 7 Machi 2024

Peris mwanangu,

Salamu nyingi. Huku tuko salama, ila kiu imenizidi; namaliza mtungi na bado ulimi ni mkavu. Kuja nitakuja, lakini si wiki hii. Mama yako amerudi.

Usiogope. Huja jioni, kabla taa haijawashwa, akakaa kwenye kigoda chake jikoni na kupukuchua mahindi. Amevaa sweta ya kijani yenye vifungo vyeupe, sijui aliitoa wapi. Jana aliniuliza, "Hesbon, mbona hakuna aliyechukua jina langu?"

Ni kweli. Mtoto wa kaka yako Mukhisa bado anaitwa Bebi tu. Aliyekufa akija hivyo anataka jina, hata wewe na shule yako unajua. Jumamosi tutachinja kuku, mtoto aitwe Nabwile. Nikiondoka kabla ya hapo, nitakuwa nimemfungia mama yako mlango.

Baba yako,
Hesbon

Kitale, 9 Machi 2024

Kwa Baba,

Pokea salamu zangu. Nilimsomea daktari barua yako nikitarajia acheke. Aliweka kalamu chini, akauliza kuhusu kiu, kuhusu choo kigumu, na kama unasinzia mchana. Kisha akasema, "Mlete leo, si kesho."

Sasa nakwambia yote. Ni saratani ya uboho, inaitwa mieloma. Inakula mifupa, ndiyo maana ubavu ulivunjika ukifunga ng'ombe tu. Madini ya mifupa yanamwagika kwenye damu, yanaleta kiu, na kichwa kinaona visivyokuwepo. Niliuliza una muda gani. Alisema haiponi kabisa, lakini dawa huilaza. Wengi huishi nayo miaka, wengine miaka mingi, na hawezi kujua wewe ni wa kundi gani mpaka aone dawa zinavyokushika. Ukichelewa, figo zitaharibika kwanza.

Baba, huyo wa kigodani si Mama. Naandika hivyo baada ya kuchana karatasi mbili, kwa sababu sweta hiyo niliinunua mimi, nikamvalisha mochari, jeneza likafungwa. Hukuwahi kuiona. Hilo sikumwambia daktari.

Binti yako,
Peris

Tongaren, 2 Juni 2024

Peris mwanangu,

Hujambo? Nilifika salama kutoka hospitali na mgongo unaniruhusu kukaa.

Sikukwambia. Jumamosi ile tulimpa mtoto jina, na jioni ileile mama yako akaja akakaa palepale, kana kwamba hakuna kilichofanyika. Hapo ndipo nilimwambia Mukhisa atafute gari.

Sasa kiu imeisha. Kigoda ni kitupu, paka ndiye analala hapo. Nilimuuliza daktari wako: ugonjwa ukiamka, naye ataamka? Akasema nikiona chochote nikujulishe siku hiyohiyo. Nilikubali. Lakini usifikiri nimefurahi sana. Jikoni ni kimya.

Baba yako,
Hesbon

Kitale, 9 Juni 2024

Kwa Baba,

Nimefurahi kusikia umepata nafuu. Mimi nalala sasa, angalau kidogo. Shika neno lako. Andika hata kama ni kivuli tu. Sitakucheka wala sitagomba; nitakuja na gari. Na kliniki usiruke hata moja.

Binti yako,
Peris

Tongaren, 18 Oktoba 2025

Peris mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Huku mvua imetuachia na mahindi yanakauka vizuri. Nabwile mdogo anakimbia siku hizi, amevunja kikombe changu. Kliniki ya mwezi uliopita sikwenda, barabara ilikuwa mbaya. Nimenunua mtungi wa pili.

Paka amehama jikoni.

Mama yako anakusalimu. Anasema usiharakishe.

Baba yako,
Hesbon