Picha ya Sabuni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Huku Sepuka hatujambo, alizeti zimeanza kuinama, na mgongo wa mama yako umepona. Hofu yangu ni wewe tu. Unaniuliza kama ununue ile krimu ya kung'arisha uso, kwa vile yule dada wa kwenye gazeti amependeza mno.

Ngoja nikwambie. Nilipokuwa msichana, mwenye duka mmoja Singida mjini alitaka picha ya tangazo la sabuni, akanichagua mimi. Mpiga picha akanipaka poda, akanimulika na taa, akasema, "Haya, cheka." Nikashindwa kwa haya. Basi babu yako, wakati huo kibarua wa dukani, akasimama nyuma ya kamera akalia kama beberu. Nikacheka mpaka machozi.

Kalenda za tangazo zenye picha yangu zilipotoka, nilimkuta mama mmoja dukani anainyooshea kidole ile picha. "Nipe hiyo sabuni, na mimi ning'are kama huyu binti." Nimesimama ubavuni mwake, wala hakunitambua. Na sabuni yenyewe, mjukuu wangu, sijaiogea hata siku moja. Kwetu tuliogea ya mche.

Mimi nilichekeshwa na babu yako. Huyo dada sijui kachekeshwa na nani, ila si krimu.

Nakuomba usiipake. Uso huo umeuchukua kwa babu yako, na tangu atutoke, ndio niliobaki nao wa kuutazama.

Bibi yako akupendaye